Mpima Mvua na Korongo la Nyuki

Tarehe tisa Septemba mwaka jana, baada ya swala ya alasiri, tulimzika Mpima Mvua. Mimi nilipoteza jirani niliyegawana naye ua mmoja wa michongoma kwa miaka kumi na saba. Mtaa wetu wa Ipagala, hapa Dodoma, ulipoteza mtu aliyeweza kukuambia mvua ya kwanza ilinyesha siku gani katika mwaka wowote uliomtajia, na ambaye hakukubali hata mara moja kusema ya mwaka huu itanyesha lini.

Jina lake lipo kwenye kibao cha kaburi na kwenye karatasi za idara iliyomwajiri. Sisi tulimwita kwa kazi yake, hata baada ya kustaafu, hata watoto waliozaliwa wakati kazi yenyewe imekwisha. Habari za alikozaliwa na ukoo wake nawaachia wanawe, wao ndio wenye haki nazo. Naandika niliyoyaona kutoka upande wangu wa ua.

Lipo jambo moja alilolitaka sana miaka yake ya mwisho, na mtaa mzima ulijua. Alitaka kupanga tena matembezi ya siku moja kupitia Korongo la Nyuki, watu waingie asubuhi na watokee upande wa pili wakiwa wazima. Alikuwa ameyapanga mara nyingi huko nyuma. Mara ya mwisho yaliharibika, na aliyeumia ni mwanangu.

Nianze na kazi yake, maana ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa. Kwa mtu mgeni kazi hiyo ilichekesha. Serikali ilimwajiri mtu mzima kupima mvua katika mji ambao zaidi ya nusu ya mwaka hauoni tone. Uani kwake palikuwa na uzio mdogo wa waya, ndani yake mtungi wa bati, na ndani ya mtungi chupa. Kila siku saa tatu asubuhi alifungua, akaitoa chupa, akaitazama kwenye mwanga, akaandika kwenye kadi. Mwezi wa sita, mwezi wa saba, mwezi wa nane, mbingu imekauka kama sahani iliyofutwa, yeye saa tatu yuko pale.

Kwa makabila yetu sisi ni watani, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa. Namwuliza juu ya ua, leo umepima nini, mzee? Ananijibu bila kucheka kwamba amepima ukame, na umejaa chupa. Siku nyingine nilimwuliza kwa nini asikae tu ndani aandike sifuri mwezi mzima, nani atajua. Hapo aliacha utani.

"Sifuri siyo kwamba sikufanya kazi," aliniambia. "Sifuri ni kwamba nilikwenda nikaangalia."

Mkewe, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa na maneno yake juu ya chupa ile. Alisema yeye ameolewa mke wa pili, wa kwanza ni wa kioo na analala nje. Alisema hivyo mbele ya wageni, na mumewe hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba alipokuja kumposa alichelewa, akingoja saa tatu ipite.

Wakulima walimsumbua. Mtu anatoka shambani, amechoka, anataka kujua apande uwele wiki hii au angoje. Wanamwona ana kadi za serikali, wanadhani anaficha. Alikuwa akiwapa kiti na chai, anawasomea miaka kumi iliyopita, tarehe kwa tarehe, kisha anawaambia kwamba yeye anapima iliyonyesha, isiyonyesha bado iko kwa mwenyewe, Mungu. Wengine waliondoka wakinung'unika. Wengine walirudi mwaka uliofuata kwa ajili ya chai.

Wala hakuwa mtu mtulivu wa kupendeza wakati wote. Mwezi wa Ramadhani, kuanzia saa tisa mchana, hakuna aliyethubutu kumrudishia jembe lake, maana angekukagulia mpini mpaka ukajuta kuliazima. Jua likizama alikuwa mtu mwingine. Sahani ya kwanza ya futari ilivuka ua kuja kwetu Wakristo kabla hajameza tende ya pili. Alikuwa na baiskeli isiyo na breki miaka yote niliyomjua, na aliisimamisha kwa soli ya kiatu. Mtu huyohuyo ambaye hakukubali uvuke korongo lolote bila kuuliza hali ya mvua huko juu, alivuka barabara kuu ya lami akiwa anatazama mawingu. Na mwavuli hakuwa nao. Alisema kuikimbia mvua ukiwa mtu wa Dodoma ni utovu wa adabu. Ikinyesha ile ya kwanza alitoka na fulana akasimama karibu na mtungi wake, analowa, na Bibi anamtazama dirishani akihesabu siku za mafua yanayokuja.

Mwaka mmoja aliumwa malaria, hakuweza kunyanyuka. Aliniita. Mimi elimu yangu ni darasa la saba na kazi yangu ni kushona, karatasi za serikali zilinitisha. Akanieleza kutoka kitandani namna ya kuishika chupa na kusoma mahali maji yanapokoma. Asubuhi ya tatu ilikuwa imenyesha usiku, kidogo sana, na mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia mvua hiyo kwa furaha. Nilisoma, maji yakawa chini ya alama. Niliona aibu kuandika kidogo namna ile. Nikapandisha. Nilipomletea kadi aliitazama, akaniuliza ardhi uani imelowa mpaka wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanirudishia kalamu.

"Andika ulichokiona, Mama Neema. Usiandike ulichokitamani."

Hakunisema zaidi ya hapo na hakumwambia mtu. Katika maisha yangu nimesahihishwa na wengi, na karibu wote walihakikisha kwanza kuna mtu wa tatu anayesikia.

Sasa Korongo la Nyuki. Liko kabla hujaanza kuteremka kwenda Bahi, katika nchi ya miiba na mawe mekundu. Maji ya mvua yamekata mwamba kwa miaka isiyohesabika yakaacha njia nyembamba, kuta mbili zilizosimama juu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Mahali pengine ukinyoosha mikono unazigusa zote. Chini ni mchanga mkavu, laini, na ukiinua uso unaona utepe tu wa mbingu. Saa sita mchana jua linaingia, linakaa kidogo, kuta zinawaka rangi ya chungwa, kisha linaondoka. Nje pamekauka na joto linachoma, mle ndani kuna ubaridi wa mtungini. Nyuki wamejenga kwenye nyufa za juu.

Ni mwendo wa kilomita tatu, mdomo wa juu mpaka mdomo wa chini. Mtoto wa shule anaweza. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza. Mpima Mvua aliligundua zamani alipokuwa akizungukia vituo vya kupimia vya vijijini, na kila mwaka, mwezi wa saba, alichukua majirani wanaotaka, watu kumi au kumi na mbili, akawapitisha. Hakutoza mtu. Alisema watu wa mjini wanaishi Dodoma kama abiria, hawajui ardhi waliyoikalia imechongwa na nini.

Kwa matembezi ya saa mbili tu, mipango yake ilianza wiki mbili kabla. Aliandika nyuma ya kadi za mvua zilizoharibika, kadi moja kwa kila nyumba. Maji lita tatu kwa kila mtu, hata yule anayesema yeye si mnywaji. Viatu vya zamani, siyo vipya. Kofia. Mafuta ya kunukia marufuku, kwa heshima ya nyuki, na kuna mama mmoja alirudishwa nyumbani kuoga. Kupiga mluzi marufuku. Anayetangulia ni mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, ili asiachwe mtu, na yeye mwenyewe anakuwa wa mwisho. Kulikuwa na mahali patatu ambapo mwamba umetoka kama rafu, juu ya kichwa cha mtu. Aliviita vipandio. Kila tulipofika alitusimamisha, tukapanda wote, vijana kwa wazee, tukakaa kama kuku kwenye banda, tukashuka. Tulicheka sana. Hatukuelewa kwamba ndiyo sehemu ya maana kuliko zote.

Maana korongo lile halijali mbingu iliyo juu ya kichwa chako. Jua linaweza kuwaka pale ulipo na maji yakakujia kutoka mvua iliyonyesha mbali, ambayo hukuiona wala kuisikia. Kwa hiyo jambo la mwisho katika mipango yake lilikuwa simu. Asubuhi ya safari alimpigia rafiki yake mfugaji, Mzee Ndahani, anayekaa vijiji vya juu, huko maji yanakoanzia. Na simu hiyo ilikuwa ndefu. Sisi tunajua tunavyosalimiana. Mtu anaweza kuwa na msiba ndani ya nyumba, ukimwuliza habari atasema nzuri. Mtauliziana watoto, mtauliziana mifugo na afya ya mama, na yote ni nzuri, mpaka mwisho kabisa ndipo anasema, ila. Mpima Mvua alikuwa akitufundisha kwamba salamu si habari. Habari inakaa baada ya ila, na mtu mwenye haraka asiulize.

Miaka sita iliyopita matembezi ya mwezi wa saba yaliahirishwa kwa sababu ya harusi ya binti yake. Yakasogezwa, yakasogezwa tena, mpaka Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Mume wangu alikuwa kazini Singida. Mimi niliomba kwenda na Neema, ambaye alikuwa na miaka tisa na alikuwa hajawahi. Tulikuwa kumi na mmoja. Asubuhi ile Ipagala ilikuwa kavu na nyeupe. Gari lilikuwa limechelewa, jirani yetu Fundi, mwenye karakana ya kuchomelea kule Kizota, ndiye aliyeliendesha, na alikuwa akipiga honi mlangoni kwa sababu alitakiwa kurudi mapema kazini. Mpima Mvua alisimama uani na simu. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alisema habari za huko. Nilisikia sauti ya Mzee Ndahani ikijibu nzuri, mzee wangu, nzuri kabisa. Honi ikalia. Mpima Mvua akasema haya, basi sisi tunaondoka, akakata.

Mzee Ndahani alikuja kutueleza baadaye, akilia, kwamba kwake ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Alikuwa anaelekea kwenye ila. Alikuwa bado hajaulizwa ng'ombe.

Tulikuwa tumepita kipandio cha kwanza na tunakikaribia cha pili. Kwanza ulikuja upepo wa baridi kutoka nyuma, wenye harufu ya udongo uliolowa, na nakumbuka nilifurahi, kwa sababu sisi harufu ile tunaifurahia popote. Kisha mngurumo kama wa lori kwenye kokoto. Mpima Mvua alisema neno moja tu, juu. Tulikimbia mpaka kwenye kipandio, na kwa kuwa tulishafundishwa, kila mtu alijua aweke mguu wapi. Mimi nilipanda nikageuka kumvuta Neema. Mkono wake ulikuwa na mchanga, ukateleza.

Maji yalimchukua urefu wa basi moja, yakambana kwenye gogo. Mpima Mvua alikuwa bado chini, alikuwa wa mwisho kama kawaida yake. Hakupanda. Aliyafuata maji. Alimkuta, akamwinua, akasimama ameegemea ukuta na maji yamemfika kifuani, amemweka mwanangu begani, mpaka maji yalipopungua. Sijui ilikuwa muda gani. Neema alivunjika mkono wa kushoto. Mzee alivunjika goti, na halikupona sawasawa mpaka anaingia kaburini.

Sasa naandika lile lililo gumu kwangu. Miaka ile iliyofuata nilisimulia habari hii mara nyingi. Kanisani nilisimulia, kwa wateja wanaokuja kupimwa nguo nilisimulia, kwenye soko la mtaa wa Kikuyu nilisimulia kwa watu nisiowajua. Nilisema Mpima Mvua wa serikali alituingiza korongoni bila kumaliza kuuliza mvua, na mwanangu nusura afe. Hapo nilikoma. Kwamba aliyemtoa majini ni yeye, sikusema. Nilijua ninachokiacha. Ukiwa na hasira, nusu ya habari ni tamu kuliko nzima.

Na watu walicheka. Wakamwita mpima mvua aliyenyeshewa. Yeye hakujitetea popote. Aliacha matembezi, akakaa na goti lake. Salamu juu ya ua zikaisha. Tukikutana uso kwa uso nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kila mtu akashika njia yake. Miaka miwili hivyo.

Aliyekataa hali ile ni Neema. Mkono ulipopona alianza kupita kwenye tundu la ua kwenda kusoma ile chupa, na baadaye kufundishwa jiografia. Nilimkataza, akaenda. Sahani zikaanza tena kuvuka, kwanza za Bibi, kisha zangu. Lakini la korongo hatukuligusa. Bibi peke yake ndiye aliyeniambia siku moja, akichambua mchele, kwamba mumewe huota bado yuko ndani, anatafuta mdomo wa chini na hauoni. Alisema, anataka apeleke watu watoke hata mara moja, basi. Alisema kama anavyosema mtu kwamba chumvi imekwisha.

Mwaka jana mwezi wa tano Neema, sasa yuko kidato cha pili, aliniambia anataka kwenda. Nilimwuliza anakwenda kutafuta nini kule.

"Nataka nitokee upande wa pili, mama. Sijawahi kuuona."

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Siku ya tano nilizunguka kwa mbele, kwa mlangoni, sikupita kwenye tundu. Mpima Mvua alikuwa barazani, amekonda, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilimwamkia, nikakaa. Nilimwambia mtoto anataka kupita korongoni na mimi nataka yeye ndiye apange. Aliniuliza kama naelewa kwamba yeye hawezi tena kutembea mle. Nilisema naelewa. Kisha nikaona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena.

"Mzee, miaka yote hii nimekuwa nikisimulia nusu. Sikuwaambia watu kwamba ulimtoa."

"Najua," alisema. "Na hiyo nusu uliyosema ni kweli."

Nilitaka aseme kwamba haidhuru. Hakusema. Alimwita Bibi alete zile kadi na kalamu, akanikabidhi mimi niandike. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilisimama kwenye matangazo nikaomba dakika mbili, nikaisimulia habari nzima. Katikati mzee wa kanisa akanipa maji, nikanywa, nikamaliza. Wapo waliosema ninajidhalilisha. Sawa.

Tulipanga kwa wiki saba matembezi ya kilomita tatu. Alimtuma Fundi akapite peke yake mara mbili, aangalie kama vipandio bado vipo, kama mwamba haujaanguka. Fundi alilalamika kwamba amekuwa fundi wa mawe, lakini alikwenda, na mara ya pili alipeleka kipande cha kamba akakifunga kwenye kila kipandio. Tulikuwa tuwe saba. Aliyepangwa kutangulia alikuwa mama mmoja wa mtaani mwenye kilo zake, ambaye alisema amefurahi, maana maishani hajawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote la kutembea. Aliyepangwa kuwa wa mwisho nilikuwa mimi. Nilimwuliza mzee kwa nini mimi na siyo Fundi mwenye nguvu. Alisema wa mwisho si kazi ya nguvu, ni kazi ya kugeuka nyuma.

Asubuhi ya safari, Jumamosi ya pili ya Julai, mbingu ilikuwa haijaona wingu kwa zaidi ya miezi miwili. Alikaa mbele kwenye gari, bado tupo mlangoni kwake, akapiga simu na kuiweka kwa sauti ili sote tusikie. Fundi alizima injini. Mpima Mvua aliuliza habari za huko, zikawa nzuri. Aliuliza mke, watoto, wajukuu, yule aliyekuwa na kikohozi. Aliuliza ng'ombe kwa rangi zao. Aliuliza visima. Mzee Ndahani alijibu kimoja kimoja, pole pole, wala hakumharakisha, na sisi tumekaa kimya kama watu waliomo kwenye ibada.

"Na ila?" Mpima Mvua aliuliza mwishoni.

"Ila hakuna, mzee wangu," Mzee Ndahani alisema. "Nimetoka tangu alfajiri nipo nje natazama. Hakuna hata wingu moja. Wapeleke."

Alimshukuru. Simu ilikaa mkononi mwake kidogo kabla hajaiweka mfukoni.

Tulishukia mdomo wa juu saa mbili asubuhi. Yeye na Fundi walizunguka na gari kwenda kungoja mdomo wa chini. Niliwatazama wenzangu wakiingia mmoja mmoja kati ya kuta zile, yule mama wetu mbele akihema, na Neema katikati. Nikageuka nyuma kutazama, nikaingia.

Sitasema sikuogopa. Kila upepo ulipovuma nilisimama. Kwenye kipandio cha pili Neema aliweka mkono juu ya mwamba na kusema ni kifupi, alikumbuka ni kirefu mno. Alipanda bila kushikwa. Alikaa pale na miguu inaning'inia, akauliza kama kuna mtu ana karanga. Mama wetu alikuwa nazo. Tukala karanga. Nyuki walivuma juu yetu bila kutujali. Baada ya hapo njia ilikuwa mpya kwa mwanangu, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona anaangalia kuta badala ya kuangalia miguu yake.

Mdomo wa chini haukuonyeshi kwamba unafika. Unapinda kushoto, kuta zinaachana ghafla, na mbele kuna mchanga mpana mweupe na mwanga mwingi. Mpima Mvua alikuwa amesimama katikati ya mchanga. Fundi aliniambia alimpelekea kiti cha kukunja akakikataa, akasimama kwa fimbo kwa muda wa saa mbili na nusu na goti lile. Hakutufuata. Alisimama akatutazama tukitoka, mmoja mmoja, na midomo yake ilikuwa inasogea. Nilipotokea mimi, wa mwisho, aliacha. Neema alikuwa amemfikia. Walisimama, hawakukumbatiana, si desturi yake. Alimwuliza mchanga wa ndani ukoje, umekauka mpaka chini? Neema alimwambia alichimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, umekauka. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kadi iliyojazwa vizuri.

Kisha akaniomba nimshike. Tuliingia yeye na mimi, kwa mwendo wa fimbo, mpaka pale kuta zinapokaribiana. Aliweka kiganja chake kwenye mwamba akakiacha hapo. Tulirudi.

Tulikula kwenye kivuli cha gari, viazi na chapati za Bibi, na mama wetu alilala kwenye kanga akakoroma, vijana wakamcheka. Njiani kurudi mzee alisinzia. Tulipofika Ipagala jua lilikuwa bado juu. Nilimshusha, nikamshika mkono mpaka mlangoni kwake, na Bibi akafungua kabla hatujabisha.

"Wametoka wote," alimwambia.

Bibi alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akasogea apite. Mzee aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akavua kiatu kimoja, akaomba maji ya kunawa.